Klachi ya Mafuta: Kutafuta Ubovu Kabla ya Kushusha Giaboksi

Klachi ya mafuta ya gari la gia za mkono ina pande mbili zinazokutana kwenye rodi moja fupi. Upande wa kwanza ni wa mafuta: pedali, silinda ya juu ambayo mafundi huiita masta, kopo lake, paipu ya chuma, hozi ya mpira na silinda ya chini iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi. Upande wa pili ni chuma kitupu kilichofichwa ndani ya hauzingi: foki, beringi ya klachi, presha pleti, pleti ya klachi na flaiwili. Upande wa mafuta hukaguliwa kwa tochi, rula na spana mbili tatu. Upande wa chuma hauonekani mpaka giaboksi ishushwe, kazi inayoweza kumaliza siku nzima, na kwenye gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, lenye propela mbili, ni zaidi ya hapo. Tatizo ni kwamba dalili za pande hizi zinafanana mno. Gia ikigoma kuingia, dereva hawezi kujua kwa kuhisi tu kama iliyochoka ni raba ya bei ndogo ndani ya masta au iliyovunjika ni presha pleti, na gereji yenye haraka huanza na kubwa. Gari hurudi barabarani na pleti mpya na ugonjwa uleule.

Vipimo vya mfumo wenyewe vinaonyesha kwa nini unavurugika kirahisi. Chukua gari lenye masta ya kipenyo cha milimita 15.87, yaani inchi 5/8, na silinda ya chini ya milimita 20.64, yaani inchi 13/16. Pedali ni wenzo. Ikiwa inazidisha nguvu ya mguu mara 6, safari yake ya milimita 140 huisukuma pistoni ya masta milimita 23 hivi. Mafuta yanayohama hayajazi hata kijiko cha chai: ni mililita 4.6 tu. Yakifika chini, ambako silinda ni pana zaidi, huitoa rodi karibu milimita 14, na foki huzigeuza kuwa milimita 8 au 9 za beringi. Mwisho wa safari yote hiyo, pleti huachiwa upenyo wa milimita 1 hadi 2.

Kwa hesabu hiyo, povu la hewa la mililita 1 likijificha mahali ndani ya paipu hula karibu milimita 3 za rodi, kwa kuwa hewa hubanwa kwanza kabla mafuta hayajasukuma chochote. Milimita 3 kati ya 14 zinatosha kuifanya rivasi ikwaruze. Tone linalovuja kila siku, pini ya pedali iliyolika, hozi inayovimba kidogo: kila kimoja hupunguza kutoka akiba ileile ndogo.

Ndani ya masta kuna kitundu ambacho ni lazima kieleweke mapema. Pedali ikiwa juu kabisa, pistoni hurudi nyuma na kuacha wazi njia nyembamba kati ya silinda na kopo. Mafuta yaliyopanuka kwa joto hurudi koponi kupitia hapo, na yaliyopungua hujazwa kupitia hapohapo. Pedali ikianza kushuka, raba ya mbele ya pistoni hupita juu ya kitundu na kukiziba, na presha huanza kujengeka kuanzia hapo. Kwa hiyo pedali inahitaji uhuru kidogo juu kabisa kabla ya kuanza kusukuma. Kwenye magari mengi ya Toyota, rodi ya masta hutakiwa kuwa na uhuru wa milimita 1 hadi 5 ukipimwa kwenye kanyagio. Fundi anayeirefusha rodi hiyo ili "klachi ikamate juu" bila kuacha uhuru huo anafunga kitundu, na matokeo yake yataonekana mbele katika sura hii.

Kiwango cha mafuta koponi nacho husomwa vibaya na wengi. Kwenye breki, pedi zikilika, mafuta hushuka, na hilo ni jambo la kawaida. Klachi ni kinyume chake. Pleti ikilika, vidole vya presha pleti husogea kuelekea giaboksi, rodi hurudishwa ndani ya silinda, na mafuta hupanda kidogo koponi. Kopo la klachi linalopungua halina kisingizio cha uchakavu: kuna mahali panapovuja. Tahadhari ni kwa magari ambayo klachi na breki hunywa kopo moja. Hapo mafuta yanaweza kushuka kwa sababu ya pedi tu, lakini pia uvujaji wa klachi unaweza kuwasha taa ya breki kwenye dashibodi, na fundi akahangaika na magurudumu bure.

Haiachi au inateleza

Klachi hukosea kwa namna mbili. Ama haiachi, yaani pedali iko chini lakini pleti bado inazungushwa na injini. Ama haishiki, yaani pedali imeachiliwa lakini pleti inateleza. Ubovu wa mafuta karibu kila mara ni wa aina ya kwanza, na ndio utakaoanza kushughulikiwa.

Jaribio la kwanza halihitaji chombo chochote. Injini ikiwa imezimwa, gia zote zipitishwe moja baada ya nyingine. Zikiingia kwa ulaini, kisha zikagoma injini ikiwashwa, klachi haiachi. Zikigoma hata injini ikiwa imezimwa, klachi iachwe kwanza. Pa kutazama ni waya au rodi za gia, au giaboksi yenyewe.

Rivasi ni kipimo kizuri zaidi kwa sababu kwenye giaboksi nyingi haina ringi ya kusawazisha mwendo, kwa hiyo haifichi kitu. Injini ikinguruma pole pole, pedali ikanyagwe mpaka chini, zihesabiwe sekunde 5 hivi ili gia za ndani zisimame, ndipo rivasi iingizwe taratibu. Ikikwaruza, shafti ya kuingilia giaboksi bado inazunguka. Hatimaye, mahali pa wazi na tambarare, gia ya kwanza iingizwe na pedali ishikiliwe chini kwa dakika moja, mguu wa kulia ukiwa tayari kwenye breki. Gari likitulia mwanzoni, kisha likaanza kujivuta lenyewe, presha inapungua wakati mguu haujasogea. Hiyo ni dalili ya raba inayopitisha mafuta, na mara nyingi ni raba ya masta.

Kuteleza kunatambulika kwa urahisi zaidi: injini inapaa mlimani lakini mwendo hauongezeki, na harufu ya kuungua huingia ndani. Ikiwa kuna shaka, handibreki ivutwe, gia ya nne iingizwe, na pedali iachiliwe huku mafuta yakikanyagwa kidogo. Klachi nzima itaizima injini papo hapo. Jaribio hili lisirudiwe rudiwe, kwani lenyewe linaichoma pleti.

Kipimo cha rodi

Majaribio hayo yanathibitisha kwamba klachi haiachi, lakini hayasemi ni upande upi. Jibu liko kwenye rodi ya silinda ya chini, mahali pekee ambapo kazi ya mafuta inaonekana kwa macho kabla haijaingia gizani. Gari lizuiwe magurudumu, na kama linainuliwa likae juu ya stendi, kamwe si juu ya jeki peke yake. Injini izimwe. Mtu mmoja akae kwenye pedali, mwingine awe chini na rula, na rodi ipigwe alama ya chaki.

Vipimo vitatu huchukuliwa. Cha kwanza ni safari ya rodi kwa mkanyago mmoja wa kawaida. Cha pili ni baada ya kupampu pedali mara kadhaa mfululizo. Cha tatu, ambacho mafundi wengi hukiruka, ni baada ya pedali kushikiliwa chini kwa dakika nzima. Gari la mfano uliotolewa hapo juu linatakiwa kutoa karibu milimita 14. Kwa gari jingine, kitabu chake au gari zima la aina hiyohiyo ndilo rejeo.

Rodi ikitoka kidogo mara ya kwanza kisha ikaongezeka kwa kupampu, ndani kuna hewa. Ikitoka kikamilifu kisha ikaanza kurudi polepole wakati pedali imeshikiliwa, mafuta yanapita raba au yanavuja nje. Ikitoka pungufu kila mara lakini pedali ni ngumu na haibonyei, sababu iko kabla ya mafuta: uhuru wa pedali umezidi, pini na shimo lake vimelika, kapeti nzito au kitambaa kimekaa chini ya pedali, au bati linaloshikilia masta limepasuka. Hilo la mwisho hugunduliwa kwa kuutazama ukuta kati ya injini na kabini wakati pedali inakanyagwa. Masta ikisogea mbele pamoja na bati, safari ya mguu inaishia kwenye bati. Kuna magari yaliyowahi kubadilishiwa kila kitu cha klachi wakati kilichohitajika ni kuchomelea ufa huo.

Na rodi ikitoka milimita zake zote, ikatulia hapo, lakini gia bado zinagoma, upande wa mafuta umemaliza kazi yake. Hapo ndipo panapohalalisha kushusha giaboksi.

Masta, silinda ya chini na hozi

Uvujaji wa nje una sehemu zake. Masta inayovuja kwa nyuma hulowesha rodi yake ndani ya kabini na kutiririka hadi chini ya kapeti, kwa hiyo mkono upapase nyuma ya pedali hata kama chini ya boneti ni pakavu. Mafuta ya breki, ambayo ndiyo yanayotumika pia kwenye klachi, hubabua rangi, na ukuta uliobabuka chini ya masta ni ushahidi wa kutosha. Silinda ya chini hukaguliwa kwa kuvuta nyuma raba yake ya kuzuia vumbi. Mafuta yakichuruzika, imekwisha.

Masta inayovuja kwa ndani haiachi alama. Kopo halipungui, hakuna tone sakafuni, lakini pedali inazama. Njia ya kuithibitisha ni kufungua paipu kwenye mdomo wa masta na kuuziba kwa bolti yenye uzi uleule, kisha hewa itolewe hapo. Pedali ikikanyagwa inatakiwa kuwa ngumu kama inagonga mwamba, juu kabisa, na ibaki hapo. Ikizama, masta ibadilishwe bila mjadala. Ikisimama imara, ubovu uko mbele yake.

Hozi ya mpira husahaulika kwa sababu haivuji. Ikizeeka, ukuta wake hulainika na kuvimba kila pedali inapokanyagwa, na uvimbe huo unaonekana kwa macho au kuhisiwa kwa vidole. Mara nyingi tatizo hujitokeza gari likipata moto tu, hasa hozi ikipita karibu na ekzosi, kisha hutoweka asubuhi. Hozi pia inaweza kubomoka kwa ndani na kipande cha mpira kikawa kama mlango: mafuta yanashuka lakini hayarudi upesi, pedali ikachelewa kupanda na klachi ikashika kwa kusitasita.

Kuhusu kukarabati, raba mpya peke yake ni uamuzi mzuri ikiwa ukuta wa silinda ni laini na unang'aa. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo au kovu la kutu, raba hiyo haitadumu, na silinda nzima ndiyo nafuu. Usafishaji ndani ufanywe kwa mafuta mapya ya breki au spiriti, kamwe si petroli wala dizeli.

Silinda ya chini ina tabia moja inayowashangaza wateja: hufa wiki chache baada ya pleti mpya kufungwa. Sababu si uzembe wa fundi. Kwa miaka yote pleti ya zamani ilipokuwa ikilika, pistoni ilikuwa ikisogezwa ndani zaidi, na sehemu ya nje ya silinda ikabaki bila kupitiwa na raba, ikipata unyevu na vumbi. Pleti mpya huirudisha pistoni kwenye sehemu hiyo iliyokwisha kuchubuka, na raba iliyozeeka hukwanguliwa. Silinda ya chini ibadilishwe pamoja na pleti, hasa kwa magari ya barabara za vumbi na ya mwambao wenye hewa ya chumvi.

Mafuta yenyewe

Magari mengi hutumia mafuta ya DOT 3 au DOT 4, na kifuniko cha kopo huandikwa aina inayotakiwa. Haya ni mafuta ya glikoli, na hunyonya unyevu wa hewa. DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho cha chini ni nyuzi 140. Klachi haipati moto kama breki, kwa hiyo hasara kubwa ya maji ni kutu ndani ya silinda. Chupa iliyofunguliwa na kuachwa rafuni msimu mzima, Tanga au Mombasa, haifai kumwagwa kwenye kopo lolote.

Kosa baya zaidi ni kuongeza mafuta ya injini, ya stelingi au ya giaboksi "ili gari lifike". Mafuta hayo ya petroli huvimbisha raba zilizotengenezwa kwa ajili ya glikoli. Raba hizo huwa laini, hukwama, na huziba kile kitundu cha masta. Kuna jaribio rahisi: matone ya mafuta kutoka koponi yatiwe kwenye glasi ya maji na kukorogwa. Mafuta ya breki huchanganyika na maji. Kinachoelea juu kama tabaka si mafuta ya breki, na dawa yake ni kubadilisha kila raba pamoja na hozi. Kama kopo ni la pamoja, breki nazo zimeingia hatarini, na gari lisitembee.

Hapa ndipo mafuta huweza kusababisha kuteleza pia. Kitundu kikizibwa na raba iliyovimba, na uchafu au na rodi iliyorefushwa, mafuta yanayopanuka kwa joto hukosa pa kurudi na huisukuma rodi ya chini taratibu, mfano wa dereva anayeegesha mguu kwenye pedali safari nzima. Klachi nzima kabisa ikaanza kuteleza baada ya kilomita kadhaa. Kabla ya kulaumu pleti, nipeli ya kutolea upepo kwenye silinda ya chini ifunguliwe wakati gari linateleza. Mafuta yakiruka kwa nguvu na klachi ikashika mara moja, presha ilikuwa imefungiwa, na kinachotakiwa ni kurekebisha masta au hozi.

Kutoa upepo

Baada ya kufungua sehemu yoyote, hewa lazima itolewe. Nipeli ya kutolea upepo, ambayo kwa kawaida hufunguliwa kwa spana namba 8 au 10, ivalishwe mpira mwembamba unaoishia kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Mmoja akanyage pedali na kuishikilia. Mwingine afungue nipeli, mafuta na povu vitoke, aifunge. Ndipo pedali iinuliwe. Ikiachiliwa mapema, hewa hurudi. Kupampu kwa kasi huzaa povu laini lisilotoka, kwa hiyo mwendo uwe wa taratibu, na kopo lisikauke.

Mfumo mwingine hukataa. Paipu yenye kona iliyopanda juu hushika povu ambalo pedali haiwezi kulishusha, kwa sababu hewa hutaka kupanda. Basi mafuta yasukumwe kutoka chini: bomba safi la sindano lililojazwa mafuta huunganishwa kwenye nipeli na kusukumwa polepole, hewa ikatokea koponi. Kabla ya hapo kopo lipunguzwe, vinginevyo yatafurika na kubabua rangi. Silinda ya chini ifungwe nipeli ikiwa juu. Kuna zinazoingia hata zikigeuzwa, na hizo hazitoi upepo milele.

Silinda isiyoonekana na upande wa chuma

Baadhi ya magari, Ford Focus ikiwa mojawapo, hayana rodi ya nje. Silinda ya chini ni pete inayozunguka shafti ndani ya hauzingi, ikiwa kitu kimoja na beringi. Hapo rula haina pa kupima, na uamuzi hufanywa kwa kuondoa: masta izibwe, kisha hozi, na kila hatua pedali ijaribiwe. Ikiwa kila kitu cha nje ni imara lakini pedali inazama, iliyobaki ni pete. Ikivuja, mafuta hudondoka chini ya hauzingi na huoshwa kwa maji, tofauti na mafuta ya injini au ya gia.

Upande wa chuma una orodha fupi. Foki iliyopinda au kichwa chake cha kuegemea kilicholika hula milimita zilezile. Kidole cha presha pleti kikivunjika, beringi husukuma upande mmoja. Beringi ndogo ya katikati ya flaiwili ikiganda, shafti huzungushwa na injini hata pleti ikiwa huru, na hakuna mafuta yatakayoisaidia. Gari lililolala nje masika nzima linaweza kuwa na pleti iliyoshikana na flaiwili kwa kutu. Hiyo mara nyingi huachia injini ikiwashwa gari likiwa ndani ya gia na pedali chini, mahali pa wazi, bila kushusha kitu.

Sauti nazo husaidia. Mlio unaoanza pedali ikikanyagwa ni wa beringi ya klachi. Unaosikika nyutro na kunyamaza pedali ikikanyagwa ni wa beringi ya shafti ndani ya giaboksi.

Giaboksi ikishashuka, pleti, presha pleti na beringi hubadilishwa kwa pamoja, kwa kuwa gharama iliyo kubwa tayari imelipwa. Kwenye magari yenye silinda ya pete, nayo hubadilishwa wakati huohuo hata kama haijavuja. Kabla ya kufunga, pleti iangaliwe upande wake: ikigeuzwa, kitovu chake hugusa flaiwili, klachi haiachi, na rodi itapimwa milimita 14 kamili.